Umeme wa Jinja na hofu ya kununua kwa jirani

Machi 2025, Rais Samia Suluhu Hassan aliposema Tanzania itanunua umeme wa Ethiopia kwa ajili ya mikoa ya kaskazini, wengi waliuliza: bwawa la Julius Nyerere lenye megawati 2,115 tulilijengea nini? Maelezo kwamba umeme hupotea njiani ukitoka Rufiji hadi Kilimanjaro hayakuwatuliza. Walioona aibu walisahau kuwa Nairobi iliwashiwa taa na maji ya Uganda tangu enzi za mkoloni.

Bwawa la Owen Falls, pale Jinja, lilizinduliwa na Malkia Elizabeth mwaka 1954. Viwanda vilivyotarajiwa kuumaliza umeme wake vilichelewa, ndipo Uganda ikaingia mkataba wa miaka 50 kuiuzia Kenya megawati 30. Njia ya Tororo hadi Nairobi ilianza kazi 1958. Lipo lalamiko la zamani kwamba vijiji vilivyopitiwa na nguzo hizo vilibaki gizani. Ni kweli, na inauma, ila mkataba unasingiziwa. Maji yanayopita bila kuzungusha mtambo hayamwashii mtu taa. Wanakijiji walikosa umeme kwa sababu hakuna aliyewajengea njia ndogo za kuusambaza.

Pingamizi zito zaidi ni la usalama, na shahidi wake ni mwaka 1976. Februari, Idi Amin alidai ardhi ya Kenya hadi kilomita 32 hivi kutoka Nairobi, na makuli wa Mombasa wakasusia mizigo ya Uganda. Julai, baada ya Waisraeli kuvamia Entebbe, Kenya ilibana njia ya mafuta hadi Uganda ikakaukiwa petroli. Agosti pande mbili zikatia saini mapatano Nairobi, na mkataba wa umeme ukabaki hai. Haukuokolewa na undugu, maana undugu haukuwapo. Nairobi ilihitaji umeme wa Jinja, lakini Amin naye hakuwa na pa kupitishia petroli yake ila Mombasa.

Kwa Ethiopia hali ni tofauti, maana haitegemei Tanga wala Dar es Salaam kwa lolote kubwa. Kwa hiyo kinga ya Tanzania itabidi iandikwe ndani ya mkataba wenyewe: bei, fidia umeme ukikatwa, na haki ya kuuza umeme wa Rufiji kaskazini msimu wa mvua kwa nyaya zilezile zitakazouleta wa Ethiopia, zile za kati ya Singida na Isinya, Kenya.