Kwa Nini Wauguzi Hawakuugua?

Mwaka 1906, katika hospitali ya Mount Vernon, jimbo la Alabama, iliyotengwa kwa ajili ya Wamarekani weusi wenye maradhi ya akili, daktari George Searcy alianza kuona kitu asichokizoea. Ngozi za wagonjwa wake zilibabuka mikononi na shingoni mithili ya mtu aliyeungua. Waliharisha bila kukoma. Akili zao, ambazo tayari zilikuwa na matatizo, zikazidi kuvurugika. Alihesabu wagonjwa 88, na kati yao 57 walifariki. Wauguzi waliowaogesha, kuwalisha na kushinda nao mchana na usiku hawakupatwa na chochote.

Ugonjwa ule ni pelagra. Leo madaktari wengi vijana wameusoma vitabuni tu, lakini kila anayetaka kujua kama vitamini zina uhusiano wowote na sonona au wasiwasi hana budi kuanzia hapo. Pelagra haianzi kwa mtu kuchanganyikiwa. Huanza kwa usingizi kupotea, hasira za karibu, hofu isiyo na sababu, majonzi, na uchovu unaomfanya mtu ashindwe kuinuka kitandani. Ngozi na tumbo huweza kufuata baadaye. Aliyekuwa na dalili hizo za mwanzo katika kijiji cha pamba cha South Carolina mwaka 1910 aliambiwa ni mvivu, au ana mishipa dhaifu. Akizidiwa, alipelekwa kufungiwa pamoja na wagonjwa wa akili.

Wa kwanza kuuandika ni daktari wa Kihispania, Gaspar Casal, aliyewaona wakulima maskini wa Asturias wakiugua mwaka 1735. Aliona kwamba wote waliishi kwa mahindi na nyama walikuwa hawaioni. Kaskazini mwa Italia, walikokula ugali wa mahindi uitwao polenta asubuhi, mchana na jioni, pelagra ilienea kiasi kwamba hospitali ya wagonjwa wa akili katika kisiwa cha San Servolo, Venice, ilikuwa ikipokea wagonjwa wake mwaka hadi mwaka. Cesare Lombroso, aliyekuwa na jina kubwa katika tiba ya Italia, alishikilia kwamba sumu ya mahindi yaliyooza ndiyo chanzo, na Searcy kule Alabama naye alishuku unga ulioharibika. Hawakuwa mbali sana na ukweli. Walilishika hindi, wakakosea kosa lake.

Ajabu ni kwamba Mexico, nchi ambako mahindi yalitokea, watu walikula mahindi kwa maelfu ya miaka bila pelagra kuwasumbua. Wanawake wa huko huchemsha mahindi kwa maji ya chokaa kabla ya kuyasaga. Chokaa hulifungua hindi na kuachia niasini, vitamini ambayo imo ndani ya punje lakini imefungwa kiasi kwamba utumbo hauwezi kuipata. Wazungu walichukua mbegu, mapishi wakayaacha.

Serikali ya Marekani ilipoona ugonjwa umeshika majimbo ya kusini, mwaka 1914 ilimtuma Joseph Goldberger. Alizaliwa mwaka 1874 katika kijiji cha milimani ambacho leo kiko Slovakia, akahamia New York na wazazi wake akiwa mtoto, na akaingia katika utumishi wa afya ya umma mwaka 1899. Wakati huo wataalamu wengi waliamini pelagra ni ya kuambukiza, na tume iliyofanya kazi Spartanburg, South Carolina, ilikuwa imeelekea huko. Wengine walisema ni ya kurithi, kwa kuwa ilizunguka katika familia zilezile. Ni kweli ilizunguka katika familia zilezile, kwa sababu familia hizo zilikula chungu kimoja.

Goldberger alifanya jambo ambalo wenzake wenye darubini hawakulifanya: alikwenda kuangalia watu wanakula nini. Katika vituo viwili vya yatima vya Jackson, Mississippi, aliona walioathirika zaidi ni watoto wa kati ya miaka 6 na 12. Wadogo kuliko hao walipewa maziwa. Wakubwa walifanya kazi, kwa hiyo waliongezewa nyama. Waliobaki katikati walikula uji wa mahindi, mkate wa mahindi na shira ya miwa. Akaomba fedha za serikali, akawanunulia maziwa, mayai, nyama na maharage, na pelagra karibu itoweke. Fedha zilipokwisha na chakula cha zamani kikarudi, pelagra nayo ikarudi.

Wapinzani hawakukubali. Basi mwaka 1915 akafanya kinyume chake katika gereza la kilimo la Rankin, Mississippi. Gavana Earl Brewer aliahidi msamaha kwa wafungwa ambao wangekubali kula chakula cha maskini wa kusini kwa miezi kadhaa: ngano nyeupe, mahindi, wali, viazi vitamu, shira. Walijitokeza 12, mmoja akaondolewa kwa ugonjwa mwingine. Kati ya 11 waliobaki, sita walianza kuonyesha dalili. Jaribio hilo lisingepita katika kamati ya maadili ya siku hizi, na sioni haja ya kulitetea, lakini lilionyesha kwamba mtu mzima mwenye afya anaweza kuugua pelagra kwa sahani peke yake.

Bado waliosema ni vijidudu hawakunyamaza. Mwaka 1916 Goldberger, wasaidizi wake na mkewe Mary walijidunga damu ya wagonjwa. Yeye na wanaume wenzake walipaka puani ute wa wagonjwa, wakachanganya mkojo, kinyesi na magamba ya vidonda na unga, wakatengeneza vidonge na kuvimeza. Walirudia mara kadhaa, sehemu mbalimbali, na waliojitolea walifika 16. Tumbo liliwasumbua baadhi yao, jambo lisilomshangaza mtu, lakini hakuna hata mmoja aliyepata pelagra.

Kwangu, kazi yake kubwa zaidi ni ile isiyosimuliwa sana. Pamoja na mchumi Edgar Sydenstricker alihesabu mapato na manunuzi ya familia katika vijiji vya viwanda vya pamba vya South Carolina, nyumba kwa nyumba. Kipato kilivyoshuka, pelagra ilipanda. Familia yenye ng'ombe wa maziwa ilikuwa salama zaidi. Wakulima waliolima mashamba ya watu kwa mgao walipanda pamba mpaka mlangoni, hawakubakiza hata mahali pa bustani, na bei ya pamba ilipoanguka mwaka 1920 waliobaki na unga na shira ndio waliougua. Goldberger alipotoa tahadhari mwaka 1921 kwamba njaa ilikuwa inanyemelea kusini, wanasiasa wa huko walikasirika. Walisema anawachafulia jina. Ugonjwa wa vijidudu wangeuvumilia, kwa kuwa haumlaumu mtu. Kuambiwa kwamba mfumo wao wa ardhi na mishahara unawatia watu wazimu lilikuwa jambo jingine.

Aligundua kwamba hamira, ambayo ni rahisi na haiharibiki upesi, inazuia pelagra. Baada ya mafuriko makubwa ya mto Mississippi mwaka 1927, Msalaba Mwekundu uliwagawia watu hamira hiyo. Yeye mwenyewe alifariki kwa saratani mwezi Januari 1929, hajajua ni kitu gani hasa kilichokuwamo. Mwaka 1937 Conrad Elvehjem, katika Chuo Kikuu cha Wisconsin, aliwapa mbwa wenye maradhi ya ulimi mweusi, ndugu wa pelagra, asidi ya nikotiniki, yaani niasini, aliyoitoa kwenye maini. Mbwa wakapona. Muda mfupi baadaye daktari Tom Spies na wenzake waliitumia kwa binadamu. Wagonjwa waliokuwa hawajui walipo, waliosikia sauti na kuwapiga wauguzi, walianza kuzungumza vizuri ndani ya siku chache. Kuanzia mwaka 1941 viwanda vya Marekani vikaanza kutia vitamini hiyo katika unga na mkate. Inakadiriwa kwamba kabla ya hapo, kuanzia mwaka 1906, watu milioni 3 walikuwa wameugua na 100,000 wamekufa.

Hebu mfikirie daktari wa akili wa mwaka 1938. Maisha yake yote ameshinda na watu asioweza kuwatibu. Ghafla anampa mmoja wao kidonge cha bei rahisi, na mtu yule anarudi nyumbani kwa mkewe. Nani asingejiuliza: wangapi wengine humu wodini wanangoja kidonge chao?

Swali lile lilikuwa la haki, lakini majibu yake yalipotoka mapema. Hapa Afrika Mashariki, Hugh Trowell, daktari Mwingereza aliyefanya kazi Kenya na kisha Uganda, aliwaona watoto waliovimba miguu na kubabuka ngozi, akaamini ni pelagra ya watoto wachanga. Baadaye alibadili msimamo. Ilikuwa kwashiakoo, na niasini haiiponyi.

Kule Saskatchewan, Kanada, madaktari wa akili Humphry Osmond na Abram Hoffer walianza mwaka 1952 kuwapa wagonjwa wa skizofrenia niasini, gramu 3 au zaidi kwa siku. Mtu mzima anahitaji takriban miligramu 14 hadi 16. Kwa hiyo hawakuwa wakijaza pengo; walikuwa wakitumia vitamini kama dawa nzito, karibu mara 200 ya mahitaji, kwa watu ambao hawakuonekana kupungukiwa. Walitangaza mafanikio mwaka 1957. Bill Wilson, mmoja wa waanzilishi wa chama cha walevi wanaoacha pombe, aliijaribu, akajisikia vizuri, akaisambaza kwa wenzake kwa bidii mpaka alipofariki mwaka 1971. Mwaka 1968 Linus Pauling, mwenye tuzo mbili za Nobel, aliandika katika jarida la Science akiitetea fikra nzima ya kutibu akili kwa viwango vikubwa vya virutubisho asilia vya mwili. Hapo ikapata heshima ya jina lake. Jopo la Chama cha Wataalamu wa Magonjwa ya Akili cha Marekani lilipochunguza ushahidi na kutoa ripoti mwaka 1973, lilikuta haupo. Niasini nyingi hivyo, zaidi ya kumfanya mtu awe mwekundu na kuwashwa mwili mzima, inaweza kuumiza ini.

Jopo lile halikuyafunga maduka. Kopo la multivitamini linalouzwa leo kwa jina la kutuliza mawazo, iwe Kariakoo au London, linaishi kwa sifa ya pelagra bila kumtaja Goldberger. Na hoja ya kisayansi wanayoitumia wauzaji ni nzuri masikioni: mwili hutengeneza niasini kutokana na triptofani, kijenzi kimojawapo cha protini, na triptofani hiyohiyo ndiyo inayotengeneza serotonini ya ubongo, inayohusishwa na hali ya moyo. Yote mawili ni kweli. Haifuati kwamba aliyeshiba akiongeza atafurahi.

Majaribio makubwa ya miaka ya karibuni yamelipima jambo hili. Mwaka 2019 yalichapishwa matokeo ya utafiti wa nchi nne za Ulaya, uliowapa virutubisho vya nyongeza au vidonge bandia watu 1,025 wenye uzito uliozidi ambao tayari walikuwa na dalili kidogo za sonona. Baada ya mwaka mmoja, virutubisho havikuzuia sonona kamili. Mwaka uliofuata Marekani ilitoa matokeo ya watu 18,353 wenye umri wa miaka 50 na kuendelea, waliofuatiliwa kwa zaidi ya miaka mitano. Nusu yao walipewa vitamini D, yuniti 2,000 kila siku. Sonona haikupungua. Wengi wao hawakuwa na upungufu mkubwa tangu mwanzo, na hilo ndilo Goldberger alilolionyesha zamani: maziwa na mayai yaliwaponya yatima wa Jackson kwa sababu walikuwa wameyakosa.

Wapo wanaokosa kweli, na hao hawapaswi kuambiwa kwamba ni mawazo tu. Vitamini B12 ikipungua, mtu anaweza kupata huzuni, kusahau, hata kuona vitu visivyokuwapo, wakati mwingine kabla hajapata upungufu wa damu. Wazee, wasiokula kabisa nyama, samaki, mayai wala maziwa, waliofanyiwa upasuaji wa tumbo, na wanaotumia metformini ya kisukari kwa miaka mingi, wana sababu ya kupimwa. Anayemeza isoniazidi ya kifua kikuu hupewa B6 pamoja nayo, kwa sababu dawa hiyo huiondoa mwilini, na bila B6 ya kutosha mwili hushindwa kugeuza triptofani kuwa niasini. Ndiyo maana pelagra huweza kutokea kwa wagonjwa wa kifua kikuu wanaokula mahindi matupu. Mlevi wa kupindukia naye hukosa niasini kwa njia yake.

Mwaka 1990, wakimbizi wa Msumbiji waliokuwa kambini nchini Malawi walipatwa na pelagra, zaidi ya watu 17,000. Mgawo wao ulikuwa mahindi, na karanga zilizokuwa zikiwapa niasini zilikuwa zimekatika. Miaka 53 ilikuwa imepita tangu mbwa wa Elvehjem wapone.

Sisi tunaokula ugali kila siku tumenusurika kwa sababu ya kilicho pembeni yake: maharage, dagaa, mboga, karanga, maziwa ya mgando. Makande peke yake ni kinga, mahindi na maharage katika sufuria moja. Sembe inayokobolewa mpaka iwe nyeupe pepe hupoteza kiini cha punje pamoja na sehemu ya protini yake, na wachunguzi wengine wanaamini mashine za kukoboa zilizoingia kusini mwa Marekani mwanzoni mwa karne ya 20 ziliichochea pelagra ya huko. Tangu mwaka 2012 sheria ya Kenya inavitaka viwanda viongeze vitamini na madini katika unga wa mahindi na wa ngano, niasini ikiwamo. Anayepeleka debe lake kwenye kinu cha mtaani hapati niasini ya kiwandani. Akiomba dona badala ya sembe, na maharage yakawapo jikoni, hana haja nayo.