Ngoro na Muhogo: Historia ya Kukabili Udongo Hafifu kutoka Umatengo hadi Chiwanda

Historia ya kilimo katika eneo la Mbinga na ufukwe wa Ziwa Nyasa inaonesha njia mbili za kukabili udongo hafifu: kuurutubisha, au kuchagua zao linaloumudu.

Njia ya kwanza ilikomaa milimani. Katika karne ya 19, mashambulizi ya Wangoni yaliwafanya Wamatengo wajikusanye kwenye miteremko mikali, ambako ardhi ilikuwa finyu na mvua ilichukua udongo wa juu. Jibu lao lilikuwa ngoro. Mvua zinapoelekea ukingoni, wanaume hufyeka nyasi na kuzilaza katika miraba. Zikishakauka, wanawake huchimba udongo wa katikati ya kila mraba na kuzifukia, likabaki shimo lililozungukwa na matuta manne. Shimo huzuia maji kuporomoka. Nyasi huoza na kuwa mboji. Maharage hupandwa kwanza, na mahindi hufuata msimu wa mvua unaofuata.

Mwaka 1938 jarida la Tanganyika Notes and Records lilichapisha makala ya A. H. Pike kuhusu hifadhi hiyo ya udongo. Hata hivyo, serikali ya kikoloni ilipoamuru matuta ya ngazi huko Uluguru, ghasia zilizuka mwaka 1955: wakulima waliona kazi imeongezeka bila mavuno kuongezeka. Ngoro ilidumu kwa sababu faida yake ilionekana shambani mwa aliyeichimba.

Chini ufukweni, Chiwanda iliegemea njia ya pili. Katika udongo wa kichanga, maji huzama upesi na kuondoka na rutuba. Shimo la ngoro lisingefaa sana. Muhogo, zao lenye asili ya Amerika ya Kusini, huvumilia udongo wa namna hiyo, hustahimili ukame, na mizizi yake huweza kusubiri ardhini hadi ihitajike. Lakini ukipandwa mfululizo bila shamba kupumzishwa, nao huimaliza ardhi.

Kwa hiyo, kuchagua zao kulipunguza kazi ya kurutubisha udongo, hakukuiondoa. Maelezo yanayoisifu ngoro kama ufundi tu huficha gharama yake: sehemu kubwa ya rutuba ya Umatengo ilitokana na jembe la mwanamke. Historia ya udongo huu, basi, ni historia ya mgawanyo wa kazi pia.