Kutoka Enguli Hadi Bangi ya Hima

Kwa miaka mingi Hima, mji mdogo wilayani Kasese, ulisifika kwa kiwanda chake cha saruji. Kuelekea mwaka 2020 ukapata sifa nyingine: kampuni ya Industrial Hemp Uganda, pamoja na wabia wake kutoka Israeli, ililima bangi pale kwa idhini ya serikali ili iuzwe nje kama dawa. Katika wilaya hiyohiyo, kijana wa Bwera akikutwa na msokoto mfukoni anaishia mahabusu.

Anayeijua historia ya ulevi nchini Uganda hashangai. Sheria zake zimezoea kuuliza nani anauza kabla ya kuuliza nani anaumwa.

Mwaka 1919 mataifa yaliyoitawala Afrika yalitia sahihi mkataba wa Saint-Germain, uliopiga marufuku upishi wa pombe kali katika sehemu kubwa ya bara. Pombe ya ndizi iliachwa iwe halali, ila pombe kali ya kienyeji, waragi au enguli, ikawa jinai. Watu waliendelea kuupika migombani. Uhuru ulipokuja, marufuku haikufutwa, iligeuzwa biashara: Sheria ya Enguli ya mwaka 1965 ilimtaka mpishi awe na leseni na akiuzie kiwanda, nacho kisafishe na kutia chupani. Hivyo ndivyo Uganda Waragi ilivyozaliwa. Mama wa kijijini aliyekuwa akisomesha watoto kwa pipa lake, bila leseni, alibaki mhalifu. Aliyeshindwa kuacha kunywa hakutajwa na yeyote.

Wanaokunywa nao wana historia yao. Kasese yenyewe ilikua kwa mshahara. Reli ilifika mwaka 1956 kuchukua shaba ya Kilembe, na wafanyakazi wakamiminika. Uchimbaji ulipokoma mwanzoni mwa miaka ya 1980, kazi zikaondoka nao. Bwera ilikuwa na mzigo mwingine. Iko karibu na Mpondwe, mpaka wa kuvukia kwenda Kasindi nchini Kongo. Novemba 1996 waasi wa ADF waliushambulia mpaka huo, na Juni 2023 wakaua watu zaidi ya 40, wengi wao wanafunzi, katika shule ya sekondari ya Lhubiriha, palepale Mpondwe. Madaktari wa akili wanajua kwamba aliyeshuhudia mauaji yumo katika hatari kubwa zaidi ya kutafuta usingizi kwenye chupa. Sisemi kila mlevi wa Bwera ni majeruhi wa vita. Nasema asihukumiwe kabla hajaulizwa aliyoyaona.

Pombe ya vifuko vya plastiki, ile Watanzania waliyoiita viroba na kuipiga marufuku Machi 2017, Uganda iliizuia mwaka 2019. Ulikuwa uamuzi mzuri, kwani kifuko kilimfikia hata mtoto wa shule. Lakini waragi wa magendo haukuondoka, na hatari yake ilionekana Kabale mwaka 2010, makumi ya watu walipokufa kwa pombe yenye methanoli. Mwili huigeuza methanoli kuwa asidi inayoharibu mshipa wa fahamu wa macho; wengine hupofuka kabla ya kufa.

Kuhusu bangi na mairungi (miraa), mwezi Mei 2023 Mahakama ya Katiba ilibatilisha sheria ya dawa za kulevya kwa sababu Bunge liliipitisha bila akidi. Wabunge wakaipitisha upya mwaka huohuo, adhabu kali zikiwamo.

Na tiba je? Hospitali ya magonjwa ya akili ya Butabika, iliyofunguliwa mwaka 1955 na yenye kitengo cha waraibu, iko Kampala. Kutoka Bwera ni safari ya siku nzima kwa basi, na nauli yake si ya mchezo kwa mkulima wa kahawa. Kituo cha polisi ndicho kilicho karibu. Mtu aliyekunywa waragi kila siku kwa miaka, akifungiwa selo na kukatishwa ghafla, huanza kutetemeka na kutokwa jasho. Wengine huona visivyokuwapo, wakapatwa na kifafa, na asiyetibiwa anaweza kufa. Askari wa zamu anapaswa kulijua hilo, na mganga wa zahanati awe na dawa ya kumtuliza.