Kisu bora hakijulikani kwa kung'aa: funzo la wahunzi wa ziwa letu na wa Mora



Ukiuliza dukani kama kisu fulani kinadumu, mara nyingi utajibiwa, "Hicho orijino." Jibu hilo halikusaidii. Kisu kibovu kinakula hela yako mara mbili: ile uliyokinunulia, na ile ya kazi inayolala makali yanapokataa katikati ya kupaa sato au kukata kamba za mtego. Kwa mwenye duka ni zaidi, maana mteja aliyeuziwa kisu kibovu harudi.

Leo tupitie historia kidogo. Watu wa ziwa hili walijua kupima chuma zamani sana. Na kule Sweden kuna wakulima wadogo waliojenga jina kwa kisu. Wote walijiuliza maswali yale yale unayopaswa kujiuliza wewe.

Chuma cha kwetu

Miaka ya 1970, ng'ambo ya ziwa upande wa Kagera, watafiti Peter Schmidt na Donald Avery waliwaomba wazee wa Kihaya waonyeshe kazi ya kuyeyusha chuma waliyoifanya ujanani. Wazee walichimba shimo, wakachoma humo matete ya kinamasini mpaka yakawa masizi, wakajenga tanuri juu yake na kupuliza kwa mivukuto. Mwaka 1978 watafiti hao waliandika kwamba njia ile ilitoa feleji, yaani chuma chenye kaboni, na kwamba mabaki ya tanuri za namna hiyo yaliyofukuliwa yana umri wa miaka 1,500 hadi 2,000.

Neno la kushika hapo ni kaboni. Chuma kisicho na kaboni ya kutosha hubaki laini hata ukinoe vipi. Kikiwa nayo, mhunzi hukipasha mpaka kiwe chekundu, hukizamisha majini au kwenye mafuta, nacho hukakamaa. Kisha hukipasha tena kidogo ili kisivunjike kama kigae.

Kusini mwa ziwa, Warongo wa upande wa Geita walisifika kwa majembe, na majembe ya chuma yalifika hadi kuwa mahari. Kwetu Mara, katika Ikizu, Nata na Uzanaki, ufuaji ulikuwa mikononi mwa Waturi, na siri za kazi zilibaki ndani ya koo zao. Mnunuzi alimjua aliyefua zana yake na kijiji anachokaa. Zana ikikatika, alijua pa kuirudisha.

Bidhaa za viwanda vya Ulaya zilipojaa katika karne ya 20, tanuri zilizimika, lakini wahunzi hawakuisha. Walihamia kwenye vyuma chakavu. Hapo ndipo unapotakiwa kuwa macho. Kisu au panga la springi ya gari lina kaboni ya kutosha na hukamata makali. La nondo ya kawaida ya ujenzi halikakamai vya kutosha, hata likikwanguliwa likang'aa namna gani. Likishikishwa kwenye mashine ya kunolea, tazama cheche: za springi hupasuka kama vinyota vingi, za chuma laini huruka mistari mirefu yenye vinyota vichache.

Wakulima wa Mora

Sasa twende Sweden. Mora ni mji wa jimbo la Dalarna, kando ya ziwa liitwalo Siljan. Mashamba ya huko yaligawanywa kwa urithi mpaka yakawa vipande vidogo visivyolisha familia mwaka mzima. Watu wakaongeza kazi za mikono, na kijiji cha Östnor kikajulikana kwa visu. Mwaka 1891 Frost Erik Erson, aliyekuwa amerudi kutoka Amerika, alianzisha karakana hapo. Kutokana na kazi hiyo na ya majirani zake ndipo vilipokuja visu vinavyouzwa leo duniani kwa jina la Morakniv.

Feleji nzuri ilikuwa ghali. Kwa hiyo walifua bamba la feleji ngumu katikati ya mabamba mawili ya chuma laini: katikati panakata, pembeni panazuia kuvunjika. Mpini ulikuwa wa mti uliopakwa rangi nyekundu. Hakuna urembo, hela yote ilikwenda kwenye makali.

Makali ya visu vya namna hiyo yana mteremko mmoja mpana, bapa, kila upande, unaoishia kwenye makali yenyewe. Faida yake ni kwamba huhitaji utaalamu kunoa: laza mteremko wote juu ya kinoo na usukume. Hasara yake ni kwamba makali ni membamba. Ukigonga mfupa au kupindua jiwe nayo, yatamegeka. Hicho ni kisu cha kuchonga, kuchuna na kukata. Kazi ya kupasua kuni mwachie panga, ambalo hufanywa laini kidogo makusudi, lijikunje badala ya kuvunjika, na ulinoe kwa tupa.

Ukiwa dukani au mnadani

1. Shika mpini, tikisa. Kikilia au kucheza, kiache. Uliza ulimi wa chuma umeingia mpinini kiasi gani. Ulimi mfupi haufai kazi ya nguvu.
2. Kitazame kwa urefu kama unavyotazama ubao. Bamba liwe limenyooka, na mteremko ulingane pande zote mbili.
3. Pitisha tupa taratibu karibu na mpini. Kwenye kisu kigumu tupa huteleza. Kwenye kilaini hung'ata.
4. Chonga mti mkavu dakika chache, kisha elekeza makali juani. Mahali panapong'aa kama uzi mweupe pameharibika. Yakiwa yamejikunja, chuma ni laini mno au makali ni membamba mno. Yakiwa yamemegeka, ni kigumu mno au kimetumika kinyume.
5. Chagua kulingana na kazi. Mpaa samaki atafutie chuma kisichoshika kutu. Cha kaboni ni rahisi kunoa, lakini kifutwe kikauke na kupakwa mafuta ya kula kila siku.
6. Usikubali kinolewe kwenye mashine mpaka makali yageuke bluu. Rangi hiyo ni dalili kwamba ugumu umeondoka, na kinoo hakiurudishi.

Wewe mwenye duka, usiagize dazeni kwa kutazama picha au nembo, maana nembo hugongwa hata kwenye bati. Nunua kimoja, kipe mpaa samaki wiki nzima, kisha msikilize. Mturi wa zamani aliuza kwa watu aliowajua, ndiyo maana hakuthubutu kuuza kibovu. Wewe pia unauza kwa majirani zako.

Kazi njema.