Mlango wa Kijana: Habari za Malezi na Ushauri kwa Vijana wa Kiislamu katika Uganda

 

Jumuiya inapoadhimisha umri wake, desturi ni kuhesabu majengo: msikiti huu ulijengwa mwaka gani, shule ile ilifunguliwa na nani, na kiwanja kilitolewa na mzee yupi. Hesabu hiyo ni ya haki, kwa kuwa wema wa watangulizi haufai kusahauliwa. Lakini iko hesabu nyingine ambayo haikuchongwa katika mawe ya msingi. Nayo ni hii: kijana wetu alipopatwa na jambo lililomshinda, alimwendea nani? Na alipofika, alipokewaje? Katika kurasa hizi chache nimekusudia kuifuata hesabu hiyo, kwa maana naona ndiyo itakayoulizwa na wajukuu wetu.

Mfano wa kwanza twaujua sote. Alikuja kijana mmoja kwa Mtume, naye akaomba waziwazi aruhusiwe kuzini. Watu waliokuwapo wakamkemea na kutaka kumnyamazisha. Mtume hakumkemea. Alimwita karibu, akamketisha, akamwuliza kama angelipenda jambo hilo lifanyiwe mama yake, au binti yake, au dada yake, au shangazi yake, au mama yake mdogo. Kila mara kijana alikana. Kisha Mtume akaweka mkono wake juu yake, akamwombea dua. Kijana akaondoka, wala hakuligeukia tena jambo lile. Hapo pana watu wa namna mbili: waliomkemea, na Aliyemwita karibu. Historia yetu yote ya malezi imekuwa ikienda baina ya namna hizo mbili.

WASOMAJI WA KASRI

Uislamu uliingia Buganda mwaka 1844, katika zama za Kabaka Suuna, kwa mkono wa mfanyabiashara Ahmed bin Ibrahim. Mwanawe, Kabaka Mutesa, alijifunza hati za Kiarabu na lugha ya Kiswahili, akafunga Ramadhani miaka mingi. Katika kasri yake walikuwamo vijana wengi, watoto wa machifu, walioletwa kutumikia na kufunzwa adabu za utawala. Vijana hao ndio waliokuwa wa kwanza kukaa chini ya waalimu, hata waumini wa dini mpya wakaitwa kwa Kiganda abasomi, yaani wasomaji. Neno mwalimu nalo likaingia katika Kiganda, nalo limebaki huko hata leo kwa mwenye kufundisha dini.

Tusidhani kwamba mwalimu wa siku zile alifundisha herufi tu. Kijana aliyetengwa na wazazi wake alimpata kwake mtu wa kumwuliza habari za nikaha, za mirathi, za ugonjwa na za hofu. Lakini mwaka 1876 vijana wapatao 70 waliuawa kwa amri ya Mutesa, kwa kuwa walikataa kuswali nyuma ya mfalme asiyetahiriwa na kula nyama iliyochinjwa na wasio Waislamu. Twawaombea malipo ya mashahidi. Pamoja na hayo, na tukumbuke kwamba neno la mwenye kushauri ni zito, kwa maana kijana hulichukua kwa moyo wake wote, na pengine hulilipia kwa roho yake.

MIAKA YA KUBAKI NYUMA

Wamisionari wa Kiingereza walifika mwaka 1877, na wa Kifaransa mwaka 1879. Baada ya vita vya dini, Waislamu, ambao mwaka 1888 walikuwa wameshika utawala wa Buganda, walishindwa. Katika mgawanyo uliofuata walipewa jimbo moja tu, nalo ni Butambala, katika majimbo 20 ya Mapatano ya mwaka 1900. Elimu ikawa mikononi mwa misheni. Namilyango ilifunguliwa mwaka 1902, Gayaza mwaka 1905, na Budo mwaka 1906.

Hapo mzazi wa Kiislamu aliwekwa njia panda. Akimpeleka mtoto shuleni, alihofu atarudi na dini nyingine. Akimweka nyumbani, alijua atakuwa mchinjaji, dereva au mchuuzi, hata kama akili yake ni ya kuwa hakimu. Kazi hizo ni za halali na zimelea nyumba nyingi, lakini ni dhuluma mtu kuzifuata kwa kukosa nyingine. Wazee wengi walichagua kulinda imani, wala hatuna haki ya kuwalaumu. Lakini hasara yake ilikuwa kubwa kuliko kukosa vyeti. Katika shule, kijana alipata pia mtu wa kumwonyesha kazi gani iko wapi, maombi huandikwaje, na nani wa kumwendea. Kijana wetu alikosa hayo yote.

Aliyeuona upungufu huo vizuri kuliko wengine alikuwa Mwana wa Mfalme Badru Kakungulu, aliyezaliwa mwaka 1907, mwana wa Nuhu Mbogo. Yeye mwenyewe alisoma Budo, basi alijua kwa nafsi yake hali ya kijana wa Kiislamu katika shule ya wengine. Mwaka 1944 iliundwa Jumuiya ya Elimu ya Waislamu wa Uganda, na mwaka uliofuata ukaanzishwa Umoja wa Hali Njema ya Waislamu wa Afrika Mashariki, ambao Aga Khan aliuahidi kuongeza paundi kwa kila paundi iliyochangwa na wenyeji. Kilima cha Kibuli, ardhi aliyoirithi Kakungulu, kikawa mahali pa msikiti, uliofunguliwa mwaka 1951, na shule, na chuo cha waalimu. Kwa mara ya kwanza kijana aliweza kusoma hesabu asubuhi na kuswali adhuhuri bila ya kuona haya. Mwaka 1988 Chuo Kikuu cha Kiislamu kikafunguliwa Mbale. Mlango wa elimu ulikuwa umefunguka.

SIKU ZA UGONJWA

Lakini mwaka 1982, katika Kasensero, kando ya ziwa katika wilaya ya Rakai, ulikuwa umekwisha kutambuliwa ugonjwa ambao wananchi waliuita silimu kwa jinsi ulivyowakondesha watu. Baadaye dunia iliujua kwa jina la UKIMWI. Mwanzoni mwa miaka ya 1990 ilikisiwa kwamba watu wazima 15 katika kila 100 wa Uganda walikuwa nao. Vijana walizika wazazi wao, wakawa walezi wa wadogo zao kabla hawajaota ndevu.

Ni lazima tuseme kweli juu ya nafsi zetu. Kwa miaka kadhaa katika misikiti mingi jibu lilikuwa moja: ugonjwa huu ni adhabu ya wazinifu. Kijana aliyekuwa na shaka juu ya damu yake hakuthubutu kumwuliza imamu. Mke aliyeambukizwa na mumewe hakuwa na pa kusema. Tulikuwa tumesimama pamoja na wale waliokemea.

Nje ya misikiti, watu wengine walikuwa wamekwisha anza. Mwaka 1987 Bibi Noerine Kaleeba na wenzake waliunda chama cha kuwasaidia wagonjwa, kiitwacho TASO. Mwaka 1990 kilifunguliwa Kampala kituo cha habari za UKIMWI, ambapo mtu aliweza kupimwa damu na kushauriwa bila ya kutaja jina lake. Mwaka 1993 likatoka gazeti la vijana la Straight Talk, na mwaka 1994 kikafunguliwa Naguru kituo cha afya na maarifa kwa vijana waliobalehe.

Upande wetu, waganga na wauguzi wa Kiislamu waliunda chama chao mwaka 1988, na Daktari Magid Kagimu akawa miongoni mwa viongozi wake. Mwaka 1989 waliketi na viongozi wa dini, ikatangazwa jihadi juu ya UKIMWI, yaani jihadi ya elimu na ya kujizuia. Kuanzia mwaka 1992 wakafanya jambo la busara. Hawakujenga jumba jipya, ila walimfundisha imamu katika msikiti wake, pamoja na wasaidizi, wanaume na wanawake, watakaokwenda nyumba kwa nyumba. Kazi ilianzwa Mpigi na Iganga. Baadaye masomo hayo yakaingizwa katika madrasa, ili mtoto ayasikie kwa mwalimu yule yule anayemfundisha Kurani.

Mambo hayakwenda bila ya mabishano, hasa juu ya kondomu, ambayo mashehe wengi waliikataa. Waganga hawakuwatukana; walizungumza nao, wakaeleza ugonjwa unavyopita hata katika ndoa ya halali. Kazi ilipopimwa baada ya miaka miwili, ilionekana kwamba maarifa ya watu yameongezeka na wengi wamepunguza mwenendo wa hatari. Mwaka 1998 shirika la Umoja wa Mataifa linaloshughulikia UKIMWI lilichapa kitabu kueleza habari za maimamu hao, ili nchi nyingine zijifunze kwao.

YANAYOTUPASA

Yaliyofaa katika habari hizi ni mambo matatu. Kwanza, ushauri ulimfuata kijana pale alipo. Pili, mwenye dini na mwenye utabibu walikaa mkeka mmoja, kila mmoja akajua mpaka wa elimu yake. Tatu, wanawake waliingizwa katika kazi, kwa maana binti hatamweleza imamu yale atakayomweleza mama wa makamo.

Shida za vijana wa leo zimebadilika sura: ulevi na bangi, kukosa kazi, kamari ya mipira, mimba kabla ya wakati, na huzuni ya moyo inayomfanya mtu ayachukie maisha. Milango iko. Pana hospitali ya Butabika, iliyofunguliwa mwaka 1955, kwa maradhi ya akili. Pana simu ya watoto ya namba 116, iliyozinduliwa mwaka 2014. Pana zahanati za serikali. Lakini mlango asioujua mtu ni sawa na ukuta, na mara nyingi kijana huhitaji mtu wa kumshika mkono mpaka kizingitini.

Kwa hiyo naomba jumuiya yetu ifanye machache. Kila msikiti na uwe na mzee mmoja na mama mmoja waliofundishwa kusikiliza, nao wajulikane kwa majina. Waweke orodha ya mahali pa kupeleka kila shida, na waitazame kila mwaka kama bado ni sahihi. Wajue kwamba siri ya kijana ni amana, wala haifai kutajwa katika hotuba hata kwa mafumbo, ila pale roho ya mtu inapokuwa hatarini. Na wajifunze kusema, "Jambo hili silijui, lakini nitakwenda pamoja nawe kwa anayelijua."

Wazee wetu wa Kibuli walitoa ardhi. Sisi hatuombwi ardhi, twaombwa saa moja baada ya magharibi, na kinywa kisichotangaza. Mwenyezi Mungu awarehemu waliotangulia, awahifadhi vijana wetu, na atujaalie tuwe miongoni mwa wenye kuwaita karibu. Amin.