Hesabu Mbili Katika Juma Moja

Asubuhi ya Pasaka, mchungaji wa Sumbawanga asomapo kwamba Bwana alifufuka siku ya kwanza ya juma, msikilizaji makini aweza kuuliza: mbona siku hiyo twaiita Jumapili, yaani ya pili? Na Sabato, iliyo siku ya saba, mbona yaitwa Jumamosi? Swali hili lastahili jibu la kihistoria.

Kiarabu huhesabu siku kama Kiebrania: Jumapili ni al-ahad, ya kwanza, na al-khamis, Alhamisi yetu, ni ya tano. Waswahili wa pwani, kwa kuwa Waislamu, walianza hesabu yao baada ya Ijumaa, siku ya sala ya jamaa. Hivyo Jumamosi ikawa ya kwanza na Jumatano ya tano, ila Alhamisi ilibaki na hesabu ya Kiarabu. Basi juma letu lina siku za tano mbili, nazo zafuatana.

Namba zetu nazo zina asili mbili. Sita, saba na tisa zatoka katika Kiarabu; tatu, nne na nane ni za Kibantu. Katika Kiarabu, kama katika Kiebrania, namba tatu hadi kumi huchukua jinsi iliyo kinyume cha kitu kinachohesabiwa: wana watatu huhesabiwa kwa umbo la kike, na binti watatu kwa umbo la kiume. Kanuni hiyo haikuingia katika Kiswahili. Twasema watoto watatu na visima vitatu, lakini watoto saba na visima saba. Saba ya Kibantu imesalia katika neno fungate, siku saba za arusi.

Kiswahili kilifika nchi za Ziwa Tanganyika kwa vinywa vya wafanyabiashara na wapagazi wa karne ya 19, kabla Mapadre Weupe hawajaingia Karema mwaka 1885. Hao walileta maneno ya Kiarabu bila sarufi yake.

Kwa hiyo tusijenge fundisho la Sabato wala la siku ya Bwana juu ya majina ya siku. Jina Jumapili latuonyesha Mswahili alianzia wapi kuhesabu. Injili yaanza kuhesabu baada ya Sabato. Mchungaji akilieleza hilo waziwazi, msikilizaji wake hatayumbishwa na jina.