Karatasi Chini ya Kitako

Kitako cha karabini ya Uswisi ya mwaka 1931 kina bamba la chuma lililofungwa kwa skrubu mbili. Ukizifungua, mara nyingi utakuta kikaratasi: jina la askari, kikosi chake, mahali anapoishi, pengine na mwaka aliozaliwa. Ni kwa sababu ya kikaratasi hicho naiona bunduki hii kuwa kitu cha pekee miongoni mwa masalia ya majeshi ya Ulaya. Silaha nyingi za zamani zimetoka ghalani. Hii imetoka nyumbani kwa mtu.

Katiba ya Uswisi ya 1874 iliagiza kwamba silaha ya askari ibaki mikononi mwake. Nchi ilitegemea jeshi la raia: mkulima, seremala na karani waliitwa mafunzoni, kisha wakarudi makwao na bunduki begani. Nayo haikuachwa ipate kutu. Mwenyewe alipaswa kwenda kiwanjani kutimiza zoezi la lazima la kulenga shabaha, umbali wa mita 300. Walenga shabaha walikuwa na shirikisho lao la taifa tangu 1824, lililoundwa mjini Aarau, na hadi leo tamasha lao la kila mwaka huwakusanya watu zaidi ya 100,000.

Bunduki iliyoanzisha ukoo huu ilipitishwa mwaka 1889. Rudolf Schmidt aliibuni. Risasi yake ya milimita 7.5 ilikuwa kazi ya Eduard Rubin wa Thun, mmoja wa watu wa mwanzo kukivika kichwa cha risasi ganda la shaba. Komeo lake haliinuliwi wala halizungushwi. Unavuta kishikio nyuma moja kwa moja, unakisukuma mbele, bunduki imekokiwa.

Mwaka huohuo, mwezi Novemba, wajumbe wa mataifa walianza kukutana Brussels. Mkataba waliotia saini Julai 1890 ulilenga kukomesha biashara ya watumwa, na ndani yake mlikuwa na vifungu vya silaha. Katika eneo la Afrika lililo kati ya nyuzi 20 kaskazini na nyuzi 22 kusini mwa Ikweta, bunduki za kisasa zilipigwa marufuku isipokuwa kwa vibali vichache. Gobore la jiwe na baruti ya kawaida ndivyo vilivyoweza kuuzwa, tena kwa masharti. Ni kweli kwamba biashara ya watumwa ililishwa na bunduki, na pwani yetu inalijua hilo kwa uchungu. Lakini mataifa yaliyotia saini hayakujizuia yenyewe. Ilipofika 1905, wapiganaji wa Maji Maji waliikabili mizinga ya bombomu kwa mikuki na magobore. Siwezi kuisoma historia ya bunduki ya 1889, iliyokabidhiwa mkulima wa milimani akae nayo nyumbani, bila kuiweka kando ya mkataba huo.

Huko Uswisi, kazi ya kuirekebisha iliendelea. Mwaka 1911 ilikuja risasi mpya yenye nguvu zaidi, iitwayo GP11, ambayo shingo ya ganda lake huzibwa kwa nta ili unyevu usiingie. Lakini komeo la 1889 lilibaki refu na zito. Adolf Furrer wa kiwanda cha silaha cha Bern ndiye aliyelifupisha, akahamishia meno ya kufungia mbele, karibu na mtutu. Matokeo yake yanapendeza: karabini ya 1931 ina takriban urefu uleule wa karabini ya 1911 iliyoitangulia, lakini mtutu wake umefikia milimita 652 badala ya 592. Magazini yake hubeba risasi sita. Hadi uzalishaji ulipokoma mwaka 1958, zaidi ya 500,000 zilikuwa zimetengenezwa, na baadhi ya hizo zilikuwa tayari mikononi mwa watu Jenerali Henri Guisan alipowakusanya makamanda wake uwanda wa Rütli, tarehe 25 Julai 1940, Ufaransa ikiwa imekwisha kuanguka.

Jeshi lilipohamia silaha za kisasa zaidi, karabini hizi zilianza kuuzwa. Mwanzoni mwa miaka ya 2000 zilifurika Marekani kwa bei ambayo leo wakusanyaji huikumbuka kwa kusikitika. Ndani ya Uswisi kwenyewe, muuzaji na mnunuzi huandikiana mkataba na kuutunza miaka kumi. Mnunuzi makini huangalia namba: ya komeo, ya mtutu na ya magazini zinatakiwa zilingane. Asiyejua asidanganyike pia na ukoo wa majina. Risasi ya GP11 haifai kabisa kupigwa kwa bunduki ya 1889, kwa sababu komeo la zamani halikujengwa kuhimili nguvu yake. Kitako kikiwa na makovu, mimi nisingelikitia msasa. Makovu hayo ni ya huyo aliyeibeba.

Kuipiga kunataka utulivu. Kifyatulio kina hatua mbili: ya kwanza laini, kisha kidole kinakutana na ukuta mdogo, na hapo ndipo pumzi hushikwa. Pete iliyo nyuma ya komeo ndiyo usalama wake. Huvutwa na kuzungushwa kidogo.

Februari 2011 Waswisi walipiga kura juu ya pendekezo la kutaka silaha za jeshi zihifadhiwe katika maghala ya serikali badala ya nyumbani. Asilimia 56 walikataa.

Wako wanunuzi waliosoma anwani kwenye kikaratasi cha kitako wakaandika barua, na wako waliojibiwa na askari mwenyewe au na watoto wake. Wakishamaliza, hukirudisha kikaratasi mahali pake, wakakaza skrubu mbili.